Nakuja FC

Raundi ya tatu imekwisha jana usiku
na mimi ni wa saba.
Tuko saba.
Yaani timu saba, watu sita,
maana Shaame fundi simu kajisajili mara mbili
apate kujifunga mwenyewe.

Nahesabu haya uwani kwetu, Wete,
mguu mmoja umekanyaga ncha ya mkeka,
karafuu za mama zinaanza kukoza rangi
na mchoo unanyemelea kutoka upande wa Mtambwe.
Msimu wa karafuu na ligi ya Waingereza
huingia mwezi mmoja, kama wake wenza:
huyu ataka mikono, yule ataka macho.

Ligi yetu haina nyasi.
Kila mtu ana wachezaji kumi na watano ndani ya simu,
kawanunua kwa pesa isiyokuwepo,
nao huko wanakokimbia
hawajui kwamba Wete kuna mtu kawawekea roho.
Ijumaa nilimuuza yule winga mwembamba.
Nilisema hana mguu wa kulia, hana wa kushoto,
ana nywele tu.
Jumamosi kafunga matatu.
Na mfungaji wangu mwingine nilimwacha benchi,
umeme ulikatika nikiwa nambadilisha.

Mwalimu Mbarouk, wa tatu, hakulala mpaka kanitungia:

*Makonyo hayana soko, hata yakipigwa jua,*
*Faki, mkia ni wako, ushike ukiugua,*
*Mfungaji yuko kwako, benchini anapumua,*
*Siku ya malipo yako, halua utanunua.*

Timu yangu ndiyo Makonyo FC.
Nikamjibu: soko lipo, kiwanda kiko Wawi.
Hakucheka. Mizani yangu haikutimia.

Zuwena ni wa pili.
Yeye huchagua kipa wa timu mbovu kuliko zote.
"Kipa wa timu mbovu hapati pa kukaa," asema,
"mpira huu, mpira huu, mpira huu.
Namjua mtu wa namna hiyo."
Kisha huvaa viatu vyeupe, huenda zamu ya usiku.

Na anayeongoza ni Nassor.
Nassor hayupo.
Alipanga timu yake bandarini Mkoani,
dakika kumi, begi likipimwa uzito,
akaipa jina kwa neno alilotuachia mdomoni: Nakuja.
Kisha Sohar, ghala la nondo, na kimya.
Salamu zetu zote zina tiki moja.
Nahodha wake kavunjika kifundo wiki ya kwanza
na kitambaa bado anacho, pamoja na plasta.
Timu haijaguswa, na kila Jumatatu iko juu.
Shaame hulia: "Tunashindwa na mtu aliyelala!"
Mbarouk husema mchuzi usiokorogwa haumwagiki.

Mamake hunisimamisha njiani nikitoka msikitini.
"Nassor vipi?"
"Anaongoza, mama."
Mpira haujui. Ajua karafuu.
"Pishi ngapi hizo?"
Nami husema nyingi,
maana hiyo ndiyo habari pekee niliyonayo,
na nusu yake si habari.

Sasa hivi nimefungua tena jedwali
nijitazame mkiani, kama mtu anayegusa jino bovu.
Nakuja FC: badiliko moja.
Saa kumi na dakika nne alfajiri.
Nahodha mwenye plasta katoka.
Kaingia winga wangu, yule wa nywele.

Nimesoma mara tatu.
Kaamka. Kashika simu. Ana chaji.
Ana hata ubaya wa kunichukulia mtu wangu,
huyu mwanaharamu, Mungu amweke.

Tone la kwanza limeanguka kwenye kioo cha simu,
la pili kwenye mkeka.
Mama anaita kutoka jikoni:
"Faki! Karafuu zinarowa!"

"Nakuja!" nimesema,
na tayari niko nje ya mlango,
naelekea kwa kina Nassor.