Kondoo wa Soksi

Walikuja kwa siku tisa, kutoka Eldoret,
vijana kumi na mmoja na feni mbili za kuazima,
ingawa kanisa letu la Ganda halina umeme.
Tulizipokea feni. Tukaziweka nyuma ya mimbari
zikatazama ukuta hadi siku ya kuondoka.

Mimi ndiye mwenye ufunguo.
Mimi ndiye ninayejua benchi lipi lina mguu wa uongo,
na kwamba chai ya hapa huja na chumvi yake
kwa sababu kisima chetu hakijaisahau bahari.
Kijana mmoja alionja, akanitazama, akameza.
Nikampenda kwa kule kumeza.

Watoto sitini na wanne kila asubuhi.
Siku ya biskuti, mia na watatu,
wengine moja kwa moja kutoka madrasa, kofia mfukoni.
Sikuuliza mtu. Biskuti haina dini.

Wakatuchorea safina ukutani.
Tembo wawili, pundamilia wawili, njiwa wawili,
twiga mmoja.
Rangi ya manjano ilikwisha.
"Mwenzake atazama?" akauliza Haluwa,
na yule kijana wa brashi akakuna kichwa
akajipaka manjano kwenye nywele.

Jerotich alikuwa anasomea uuguzi.
Alipiga magoti sakafuni siku tisa mfululizo
mbele ya mguu wa Kitsao,
kidonda ambacho mama yake alikizoea
kama mtu anavyozoea mlango usiofunga.
Maji ya uvuguvugu, pamba, bandeji.
Akimwita "Kichao", mtoto anamsahihisha,
anarudia, anakosea, wanacheka wote wawili,
na usaha unatoka wakati wa kicheko.

Na jioni, kondoo.
Soksi nyeupe, vifungo viwili vya macho,
ndani yake mkono wa Jerotich.
"Watoto, Mungu anawabenda!"
Wiki nzima kijiji kikabendana.
Hata mama muuza samaki: nakubenda, lakini lipa.

Siku ya tisa walipiga picha.
Mbeyu akashika dirisha la basi:
"Kesho mnakuja saa ngapi?"
Kila mmoja akatafuta kitu ndani ya mkoba wake.

Jumatatu nilifagia.
Kalamu ya nta, kijani, imekanyagwa.
Karatasi za biskuti.
Kandambili moja ya mtu mzima.
Na chini ya benchi lenye mguu wa uongo, kondoo,
amelala kifudifudi kama aliyechoka kuhubiri.

Jumapili niliingiza mkono.
Soksi ilinibana, mkono huu ni wa jembe na wa mbuzi ya nazi.
Watoto wakanyamaza.
"Mwalamukadze?" akasema kondoo.
"Huyo si yeye," akasema Haluwa.
"Ni yeye. Amehamia."
"Mbona anaongea Kigiriama?"
"Amekunywa maji ya kisima."
Wakashauriana, vichwa pamoja, kama baraza la mahari.
Kitsao akasimama kwa mguu mmoja:
akikaa, apewe jina la mtu.
Wakampa la babu yake, Ngumbao,
ambaye kanisani hakuwahi kuingia hata kujikinga mvua.

Masika Jerotich alipiga simu.
Kidonda?
Kimefunga. Kovu ni la ukubwa wa shilingi.
Kondoo?
Ana jicho moja. Bado anahubiri, ila anapenda kusengenya.
Kimya. Nikadhani salio limekwisha.
Kisha, kwa sauti ndogo: Nitakuja Desemba, mwalimu.

Nilisema karibu.
Sikuwaambia watoto.
Nimeshafagia Desemba kadhaa.

Lakini nikirudi nilipita dukani kwa Jefwa,
nikanunua sukari robo, kiberiti,
kisha, kama mtu anayeuliza habari za jirani,
nikauliza bei ya rangi ya manjano,
lile kopo dogo kabisa.