Sentimita Kumi na Mbili

Gari jipya lilifika Llaupe siku ya Alhamisi,
mvua ikiwa ileile ya tangu Jumatatu.
Likashuka kwenye feri kinyumenyume, taratibu,
nasi gatini na miavuli, na padre,
na bendi ya shule isiyo na ngoma kubwa,
maana ngoma tuliiuza
kukamilisha malipo.

Jipya kwetu. Wajerumani wamelitumia miaka kumi na tisa.
Kila swichi ina neno refu kama treni.
Yasna anabandika plasta nyeupe juu ya kila moja
na kuandika kwa kalamu ya wino:
maji. taa. king'ora. usiguse.

Mimi ndimi mtunza hazina. Najua
gari hili limeundwa kwa nini:
bingo arobaini na moja,
maandazi ya nyama elfu sita kutoka jikoni kwa Edelmira,
ng'ombe mmoja wa bahati nasibu
ambaye mshindi alimrudisha, tukamchezesha tena,
pete ya ndoa ya mjane Oyarzo
aliyekataa risiti.
Nilimwandikia. Ninayo bado.

Tukalisindikiza hadi kituoni kwa vifijo.
Mlango ukakataa.
Sentimita kumi na mbili.
Kapteni Barría alipima mara tatu,
kana kwamba utepe ni shahidi
anayeweza kubembelezwa abadili maneno.
Tulikuwa tumeuliza nguvu ya pampu,
urefu wa ngazi, umri wa magurudumu.
Mlango hatukuupima. Nani hupima mlango
anaopita kila siku?

Ndani, Tomasa alikaa mahali pake.
Wa mwaka sabini na nne, mkubwa kwangu kwa miaka sita.
Alivuja mafuta palepale, usiku baada ya usiku,
hata saruji ikaota doa lenye umbo la sikio.
Gia yake ya pili huingia ukiisihi tu,
na anayejua kuisihi ni mmoja, Eleuterio,
ambaye gatini hakuja.
Alisema goti linamsumbua.

Usiku ule wa nyumba ya akina Huenchur
Tomasa alizimika katikati ya mlima,
lita elfu mbili mgongoni,
sisi tukisukuma, moto ukituona tunavyosukuma.
Watoto wawili walitoka. Bibi yao hakutoka.
Eleuterio hakulilaumu gari.
Hakuna aliyemlaumu Eleuterio,
na hilo ndilo lililomzeesha.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Na cha kale je,
chenye kovu tunalolijua kwa vidole?

Saa mbili usiku alikuja, na goti lake, na mtaimbo.
Kapteni alikuwa anaisemea linta, aivunje.
"Ukiivunja, paa litakuwa kofia yako," Eleuterio akasema.
"Mlango haupandi. Basi sakafu ishuke."
Akamwasha Tomasa. Akawaka mara ya kwanza,
mwanaharamu yule, mara ya kwanza,
akamtoa nje akamwacha kwenye mvua
ubavuni mwa mgeni.

Tulichimba hadi alfajiri, watu kumi na mmoja na sururu nne.
Yasna alishika taa. Edelmira alileta supu.
Sikio la mafuta lilipasuka vipande,
likatoka kwa toroli pamoja na kifusi kingine.
Kipande kimoja Eleuterio alikitia mfukoni mwa koti.
Nilikiona. Daftarini sikukiandika.

Tomasa ataondoka mwezi ujao.
Kuna kisiwa huko mbele, kaya themanini,
wanaozima moto kwa ndoo na kwa matusi.
Wameshaanza bingo. Wameshampaka rangi, kwenye bango,
nyekundu kuliko alivyowahi kuwa.
Huko ndiye atakuwa gari jipya.

Jana niliwapigia simu.
Sikuuliza habari za malipo.
Niliuliza mlango wao una kimo gani,
na mwanamke wa upande wa pili akanyamaza kidogo,
kisha nikamsikia akiweka simu mezani
na kwenda kutafuta utepe.