Muhuri

Jumapili, jela ya mji wa Iriga.
Askari anautoboa wali wangu kwa sindano ya chuma,
mara tatu, kama mtu anayepima kina cha kisima.
Samaki naye anampasua tena, nilikwisha mpasua.
"Wako nani?"
"Kaka. Crisanto Balbin, selo ya nne."
Ananigonga muhuri mkononi, wino wa zambarau:
"Huo ndio utakaokutoa. Ukifutika, tutaulizana."

Selo ya watu kumi na watano, wamo sitini na mmoja.
Hulala kwa zamu. Yeye zamu yake ni mchana,
kwa hiyo nimemkatisha usingizi.
Nilikuja na habari za kesi: wakili kasema Agosti.
Alisema pia Machi.
Hakuuliza kesi. Aliuliza jogoo,
kama bado anawika kabla ya saa kumi.
Nikasema anawika, majirani wanalalamika.
Jogoo ndiye nauli yangu, kaka.
Ndiye huyo samaki unayemchambua miiba.

Kengele ilipolia akanyosha mkono, umelowa jasho,
nami, Mungu anisamehe,
nikaurudisha wangu.
Akatazama wino. Akaelewa upesi kuliko mimi.
Akajipangusa kwenye shati, polepole, kila kidole,
kisha akanishika kiwiko,
huku juu, pasipo na kitu cha kufutika.

Sasa ni usiku. Mama ameniandalia beseni.
Maji yamepoa,
na bado sijanawa.