Mikono Mfukoni

Siku ya kwanza huwa nawapa ufagio, si mbuzi.
Ufagio, banda la sungura, na kimya changu.
Anayefagia kuelekea miguu yake mwenyewe
ataondoka na mavi viatuni. Simwambii.
Kesho yake atakuja na ndara, ameshajua.

Shamba letu ni kipande tu, hapa Muyeye,
kati ya ukuta uliopandwa vigae vya chupa
na ghala la mtu asiyemlipa mlinzi wake.
Mbuzi kumi na mmoja,
bata wasiohesabika kwa kuwa hawatulii,
punda mmoja aliyestaafu kubeba maji,
na mavi tunayoyatia kwenye magunia ya unga
tukawauzia wenye bustani za hoteli.
Wao huyaita mbolea, na bei hupanda palepale.

Wanaojitolea huja na sababu zao.
Nyevu alikuja kwa kuwa nyumbani kuna kelele.
Athmani Bakuli, mpishi mstaafu, kwa kuwa nyumbani hamna.
Ndiye aliyempa mbuzi mweusi jina la Basta,
neno alilofokewa na Waitaliano jikoni miaka ishirini;
sasa hulitamka yeye, polepole, akimkuna shingo.

Thoya aliletwa na mamake,
akingoja matokeo ya mtihani,
simu kaifumbata kama kidonda asichotaka kiguswe.
Mbuzi alipopiga chafya, akarukia juu ya ndoo.
Nikamwambia: hakujui, nawe humjui.
Msalimie kwa kiganja wazi, chini ya kidevu.
Usimjie kwa juu; juu ndiko zitokako fimbo.

Kisha ule usiku wa Jumatano, stima zimekatika,
Basta kashikwa na uchungu.
Kwato moja nje, ya pili haionekani.
Daktari wa mifugo yuko Kakoneni, kwenye ng'ombe wa mtu.
Nyevu yuko matangani kwao.
Mikono yangu, hii, baridi yabisi imeikaza
kama mafundo ya kamba iliyolowa.
Ya Bakuli minene kama mikate ya mofa.
Tukabaki tunautazama mkono wa Thoya,
mwembamba, wenye kucha ndefu.

"Zikate," nikasema.
Akazikata kwa mkasi wa kamba, mbele ya mwanga wa ile simu yake.
Sabuni hadi kiwikoni. Mafuta ya nazi.
Akisukuma, ngoja. Akipumzika, ingia.
Usivute. Mrudishe mtoto nyuma kidogo, utafute mguu.
"Unagusa nini?"
"Giza."
"Giza lina goti. Litafute.
Ukipata kwato, ifunike kwa kiganja, isimchane mama."

Hapo ndipo nilipotia mikono mfukoni.
Nusu saa nzima.
Kila kidole changu kilijua pa kwenda;
nikavikamata vyote kama wezi wa kuku.
Nimechimba visima, nimebeba punda mgonjwa kwa mkokoteni,
sijafanya kazi nzito kama ile ya kutofanya.

Wa kwanza alitoka kimya. Tukamlaza kando, juu ya gunia.
Thoya hakuuliza kitu.
Akanawa, akapaka tena mafuta, akasikiliza kwa vidole.
"Mna mwingine."
Hilo sikumfundisha mimi.

Wa pili alitoka miguu yote miwili mbele, akapiga chafya,
na Bakuli, mtu mzima yule, akaenda kusimama nyuma ya punda
ili tusimwone uso.

Matokeo yalikuja. Si mabaya, si ya kuchinjia jogoo.
Thoya sasa anaendesha tuktuk ya mjombake.
Asubuhi nyingine hupita njia hii, haingii,
hupiga honi mara mbili, Basta huinua kichwa.
Nami hubaki na debe la maji mkononi
nikijiuliza namdai nini, au ananidai.
Kucha zake, asema Bakuli aliyempanda juzi,
bado anazikata hadi kwenye nyama.

Leo wamekuja wawili wapya.
Mmoja kashika ufagio kinyume.
Nimenyamaza.