Mchagua Nazi

Imtiaz amekigeuza kishkwambi kuelekea kwangu,
kisha kanyamaza, kama muuza dhahabu
aliyefundishwa kwamba kimya kinauza.
Gari linajizungusha lenyewe kwenye kioo,
jeupe, halina tope, halina namba,
halijui Goba.

"Mama Namsifu, tuanze na injini."

Hapo sihitaji mwalimu.
Miaka kumi na tisa nimetoa magari ya watu bandarini,
nikisoma ujazo wa injini kama wengine wasomavyo viganja:
hili lina ushuru wa kuguna, hili wa kulia,
hili mwenyewe atakopa kwa shemeji.
Nimekalia viti vingali na nailoni,
nikavuka geti, nikakabidhi funguo,
nikarudi ofisini kwa bajaji.

Silinda nane, nasema.
"Farasi mia nne na themanini," Imtiaz anachekelea.
Farasi mia nne na themanini, na kibao cha hamsini,
na askari wa tochi kajibanza nyuma ya tangazo la benki.
Haya, silinda sita.
Farasi waliobaki wakale majani kwao.

Rimu. Namsifu kaandika kutoka chuoni:
*ishirini na mbili, nyeusi, la sivyo usinifuate na hilo gari.*
Lakini tairi yake nyembamba kama chapati ya mgahawani,
na Fundi Sudi wa Gerezani alishaniambia,
grisi mpaka viwikoni:
"Dada, rimu kubwa ni mkufu. Uliza shingo."
Shingo yangu ni kilomita mbili za mawe
kuanzia lami inapokatikia,
na kalavati ambalo kila Aprili mvua hulitafuna upande.
Ishirini. Tairi nene.
Mwanangu atanuna mpaka Pasaka.

Springi za hewa, ndiyo, wala usinitajie bei.
Hiyo si anasa. Hiyo ni pingili ya nne ya mgongo wangu,
iliyobonyea kwenye benchi la mbao
nikisubiri mhuri wa mtu aliyekwenda kunywa chai.

"Viti vya michezo vinakukumbatia mbavu, mama,
kwenye kona huyumbi."
Nimewahi kukumbatiwa hivyo.
Tuliachania Kisutu, mbele ya hakimu.
Nipe kile kipana, kinachopuliza baridi mgongoni,
ngozi ya rangi ya tende;
nyeusi, ukiiegesha Kariakoo saa saba mchana,
unakaanga mayai.

Paa la kioo?
Imtiaz, baba, Dar es Salaam hii
nani analipia jua?

Breki kubwa, zile nyekundu, weka.
Bodaboda hatangazi anakotokea.

"Imebaki ekzosi ya michezo," anasema, na sauti inashuka,
kijana mwaminifu, atafika mbali au atafukuzwa.
"Hii unaweza kuiacha. Haiongezi mwendo.
Inaongeza mngurumo tu."

Mngurumo tu.
Namkumbuka mlinzi wa geti na daftari lake,
miaka kumi na tisa, asubuhi baada ya asubuhi,
akiinama dirishani bila salamu:
"Gari la nani hili?"
Nami nikitaja jina. Kila siku jina jingine.

Weka, nasema.
Kama zipo mbili, weka mbili.

Jumla inapanda chini ya kioo, tarakimu juu ya tarakimu.
Mchagua nazi hupata koroma, najua.
Ila nimegonga nazi za watu nusu ya umri wangu,
nimetega sikio,
na hakuna aliyewahi kunimiminia dafu.

"Saini hapa, mama. Jina la mmiliki."
Kidole kinatangulia, kwa mazoea yake,
kinaandika: *kwa niaba ya*

Imtiaz anaangalia pembeni.
Nafuta.
Naomba kitambaa, nafuta na jasho la kidole,
naanza tena, herufi kubwa.