Riwaya za Oktoba, Barabara ya Kaskazini

Sanduku limefika Ivalo Jumanne, pembe moja imelowa.
Nimelifungua kwa kisu cha mkate,
maana mkasi Raimo amekatia bomba la hita.
Riwaya kumi na saba, zinanuka gundi bado.
Majalada ya msimu huu yote ni ya buluu,
utadhani waliambizana.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
aliyesema hivyo hakuijua barabara hii,
kilomita arobaini toka mlango hadi mlango,
ambako hata kizuri
hakina budi kupakiwa ndani ya basi la maktaba,
kufungwa mkanda rafuni,
na kutembezwa.

Aune Mattus, miaka themanini na miwili,
husoma ukurasa wa mwisho kwanza, wima,
buti zikidondosha maji kwenye zulia langu.
"Anakufa?" namuuliza.
"Anahamia Helsinki. Ni yale yale."
Anakichukua.

Ile inayosifiwa redioni,
kurasa mia sita, ukoo wa wenye kiwanda cha vioo,
ina foleni ya watu arobaini na mmoja.
Nimeisoma. Ni nzuri kama hoteli ilivyo nzuri:
shuka zimenyooshwa,
hakuna aliyewahi kulia humo.

Lakini kuna kile chembamba.
Kurasa mia na kumi na nane, kitabu cha kwanza
cha muuguzi wa zamu ya usiku kule Kemi.
Mwanamke anafagia theluji
kwenye njia ya jirani yake aliyekufa,
kila asubuhi, tangu Novemba mpaka iyeyuke.
Basi.
Nilikisoma nimesimama jikoni
hadi viazi vikaungua,
na sikuvitupa, nilivila hivyo hivyo, nikisoma.

Hakuna aliyekiomba.
Nilikiweka mbele, wakakipita kama mgeni kwenye foleni ya benki.
Nikakilaza juu ya vitabu vya upelelezi; mtu akakisogeza.

Oula Saijets huja kwa ajili ya joto na vitabu vya injini.
Tangu mkewe azikwe, Machi,
amesoma misumeno ya mota yote tuliyo nayo.
Siku hiyo nilimchomekea kile chembamba
kati ya kabureta na gia,
nikapiga muhuri haraka, kama mwizi.

Wiki tatu. Theluji sasa inafika magotini.
Oula anapanda, anaweka kabureta mezani,
anaweka gia.
"Kile kingine," anasema, akitazama hita,
"kina kosa ukurasa wa tisini.
Barafu ya Mei haibebi pikipiki ya theluji.
Huyo mwandishi angezama."
"Nitamwandikia," nasema.
"Usimwandikie."

Ananyamaza. Kofia inazunguka mikononi mwake.
"Imebaki sura moja. Sijaifungua.
Niongezee siku."

Nageukia mashine. Mashine inakataa:
kuna mtu anakisubiri.
Nani? Katika wilaya nzima,
kitabu ambacho hata bure kilishindwa kuondoka?
Nasoma jina mara mbili.

Mbele kule, kwenye usukani, Raimo Kestilä,
miaka kumi na tisa akituendesha
bila kuazima hata kitabu cha mapishi,
anafuta kioo ambacho kilishafutwa.

"Nilikuwa nakuona ukikihamisha rafu kwa rafu,"
anasema bila kugeuka,
"nikajiuliza, kwani kimefanya nini."
Kisha, kwa Oula: "Chukua muda wako.
Mimi nasoma polepole, hata kuanza naanza polepole."

Oula anakirudisha ndani ya koti, upande wa kushoto.
Anashuka. Kengele ya mlango inalia.

Tunamwona kwa muda mrefu kwenye taa za nyuma,
ameegemea koleo lake,
haendi nyumbani.
Halafu anaanza kuchimba,
sio njia yake,
ile ya Aune.