Hatua za Edna Blenkin

Kila Machi hupima kwa miguu yake,
kutoka kizingiti cha jikoni hadi ukingo wa genge.
Mwaka wa harusi: hatua mia na sitini.
Leo kumi na tisa,
na goti lake bovu linafupisha hatua.

Bahari ya Kaskazini haina pupa.
Huguguna genge chini, kwenye kisigino,
huacha juu kuning'inie na mizizi ya viazi,
kisha usiku wa mvua, puu!
Banda la kuku lilikwenda hivyo.
Na barabara.

Tope hupotelea kilindini.
Mchanga mawimbi huukokota kusini,
kwenye ulimi wa nchi unaozidi kurefuka.

Huko mwanawe humpeleka Jumapili.
"Hapa ndipo kwetu," asema, akikanyaga polepole.

Akirudi garini
hakung'uti soksi.